Siku ya kwanza kwenye ubao wa theluji: cha kuvaa na cha kubeba

Anayejifunza ubao wa theluji mara nyingi hatetemeki kwa sababu ya baridi ya hewa. Hutetemeka kwa sababu amelowa. Anayejifunza ski husimama muda mwingi, kwani kila mguu una ubao wake. Wewe miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, kwa hiyo unakaa chini kufunga vifungio, unaanguka, unapiga magoti ili uinuke, unaanguka tena. Asubuhi nzima makalio, magoti na viganja vimo ndani ya theluji, na theluji hiyo inayeyuka kwa joto la mwili wako. Ndani nako kuna maji ya pili, jasho, maana kuinuka mara hamsini na ubao mguuni ni kazi ya kutoa jasho hata kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Karibu kila kitu katika mwongozo huu ni kwa ajili ya kuzuia maji hayo mawili. Rafiki wa ski akikuambia suruali yoyote nene inatosha, msikilize kwa adabu, kisha endelea kusoma.

Kwanza, jua unakokwenda

Ski Dubai, ndani ya jengo la Mall of the Emirates, ilifunguliwa mwaka 2005. Ni ukumbi mkubwa wenye baridi ya nyuzi chache tu chini ya sifuri, bila upepo wala jua. Jaketi, suruali na buti kwa kawaida vimo ndani ya bei ya tiketi. Glavu na kofia njoo nazo, au ununue pale kwa bei ya pale. Kwa wanaotoka Muscat au Sharjah, orodha inaishia karibu hapo, ukiongeza soksi na nguo za ndani zinazofaa.

Afriski, katika milima ya Maluti nchini Lesotho, ni habari nyingine. Iko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, msimu wake ni Juni hadi Agosti, na theluji yake nyingi hutengenezwa kwa mashine. Theluji ya mashine ni nzito na ngumu kuliko inayoanguka yenyewe, kwa hiyo kinga za magoti na makalio zina kazi zaidi. Mchana jua linachoma; likizama, baridi inashuka kama pazia.

Amerika Kaskazini kuna sura mbili. Kilima kama Buck Hill, kusini mwa Minneapolis, ni kifupi, lakini Januari hewa ya Minnesota inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo juu yake. Huko linda pua, masikio na vidole kabla ya kitu kingine. Colorado baridi ni kavu na jua ni kali, na tatizo ni kimo: mji wa Breckenridge uko mita 2,926, juu kuliko kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, na hapo hata hujapanda lifti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kukupandisha mlimani. Ukifika, usiku wa kwanza pumzika, kunywa maji, na kichwa kikiuma usilazimishe kwenda juu zaidi.

Popote uendapo, angalia utabiri wa mlimani, si wa mji wa bondeni. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka takriban nyuzi 6.

Nguo kwa tabaka tatu

Waliokodi nguo Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro wanaijua kanuni hii, ila hapa inabadilika kidogo.

Tabaka linalogusa ngozi liwe sufu ya merino au polista nyembamba, la kubana, mikono mirefu. Pamba iache nyumbani yote: fulana, boksa, sidiria, jinzi. Uzi wa pamba hunywa maji na kuyang'ang'ania, na nafasi ndogo za hewa zilizokuwa zikikutunzia joto zinajaa maji. Watu wengi huvaa jaketi la maana juu, halafu chini yake kuna fulana ya pamba ya harusi ya binamu. Saa tano asubuhi fulana hiyo ni kitambaa kibichi mgongoni. Kwa upande wa chini tafuta suruali ya ndani inayoishia chini kidogo ya goti. Ndefu ya mpaka kifundoni itaingia ndani ya buti, na tutaona huko chini kwa nini hilo ni kosa.

Tabaka la kati ni la kutunza joto. Sweta jembamba la flisi linatosha siku nyingi. Kukiwa na baridi kali ongeza kizibao. Lile koti nene la manyoya ya bata la usiku wa kupanda kilele cha Uhuru halifai hapa. Mpanda mlima huyo anatembea polepole kwenye hewa kavu. Wewe utatoka jasho na kugaragara, na manyoya yakilowa yanashikana madonge na joto lote linapotea. Kama huna budi kuvaa kitu kilichojazwa, kijazo kiwe cha polista.

Tabaka la nje ni jaketi na suruali visivyopitisha maji. Kwenye lebo utakuta namba mbili. Ya kwanza, kwa mfano 10,000, ni urefu kwa milimita wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaihimili kabla ya kuvuja. Ya pili inaonyesha kinavyoruhusu mvuke wa jasho kutoka. Kwa jaketi la anayeanza, 10,000 kwa 10,000 inatosha. Suruali ikiwezekana iwe 15,000 au 20,000, kwa sababu uzito wa mtu aliyekaa husukuma maji kwa nguvu kuliko mvua inayonyesha. Watu hufanya kinyume: fedha zote kwenye jaketi la kupigia picha, suruali ya kuokoteza. Angalia pia kama mishono imefunikwa kwa utepe upande wa ndani, kwani tundu la sindano ni tundu. Zipu za kwapani na mapajani ni za kutoa joto; zifungue kabla hujaanza kutoka jasho. Jaketi likiwa na mkanda wa ndani wa kubana kiunoni, ufunge, ama theluji itapanda mgongoni unapoteleza kwa makalio.

Kipimo cha kujua umevaa sawa: ukisimama chini ya mteremko kabla ya kuanza, usikie baridi kidogo. Ukisikia raha tayari, vua kitu kimoja.

Mitumba

Majaketi ya theluji hupatikana kwenye mitumba, na mengi ni mazima kwa sababu aliyelitoa alilivaa wiki moja kwa mwaka. Kabla ya kulipa, ligeuze ndani nje. Kama utando wa ndani unabanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua, liache hata likiwa na jina kubwa; hakuna dawa. Kisha mwagia matone ya maji begani. Yakiviringika kama shanga, safi. Yakifyonzwa na kitambaa kuwa cheusi, dawa ya juu imekwisha, na hiyo inarudishwa kwa dawa ya kufulia nguo zisizopitisha maji. Usilifue kwa sabuni yenye kilainisho cha nguo. Jaribu zipu zote, hasa za suruali, na kaa kitako ukiwa umeivaa: ikikubana magoti dukani, mlimani itapasuka.

Miguu, palipo na makosa mengi

Vaa soksi moja kwa kila mguu. Mbili hazileti joto zaidi. Zinasuguana, zinafanya mikunjo, na zinabana damu isifike vidoleni, na ni damu inayopasha vidole. Soksi iwe ya sufu au mchanganyiko wa sufu na nailoni, isiyo nene sana, ndefu kupita ukingo wa juu wa buti, karibu na goti. Ndani ya buti isiingie nguo nyingine yoyote. Pindo la suruali ya ndani likibanwa kati ya ugoko na buti kwa saa nne, utadhani mfupa umepasuka. Beba jozi ya pili, na ukivaa asubuhi hakikisha miguu ni mikavu kabisa.

Buti zikodi, usinunue bado, na usikubali za haraka haraka. Kabla hujaondoka nyumbani pima mguu: simama, kisigino kimeguswa na ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu, pima kwa sentimita. Buti nyingi huandikwa kwa sentimita hizo hizo, hivyo mguu wa sentimita 27 ni buti ya 27, ambayo ni takriban 42 ya Ulaya. Pima miguu yote miwili, kwani ni nadra kulingana.

Dukani fanya hivi:

1. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge.
2. Simama wima. Vidole viguse mbele kidogo.
3. Kunja magoti mbele. Vidole virudi nyuma, visibanwe.
4. Inuka kwa ncha za vidole. Kisigino kisinyanyuke ndani ya buti. Kikinyanyuka, omba namba ndogo zaidi au buti ya aina nyingine, kwa sababu kila ukitaka kugeuza ubao, kisigino kitanyanyuka kwanza na ubao utachelewa kuitikia.
5. Kaa nazo dakika kumi. Ganzi ikianza hapo, mlimani itazidi.

Kosa la kawaida ni kuchukua buti kubwa kwa kufikiri itakuwa na raha. Buti kubwa hulazimisha kukaza kamba kupita kiasi, nyayo hufa ganzi, na mtu anasema buti zinabana. Hazibani, ni kubwa.

Mikono

Kwa wanaoanza ubao, hakuna sehemu inayoumia mara nyingi kama kifundo cha mkono. Unaanguka nyuma, unatanguliza kiganja, uzito wote unatua hapo. Vaa kinga za vifundo, zile zenye ubao mgumu wa plastiki, na ujifunze kuanguka umekunja ngumi na kutua kwa mkono mzima mpaka karibu na kiwiko. Kinga hizi huvaliwa chini ya glavu, kwa hiyo zibebe unapojaribu glavu, la sivyo utanunua glavu zisizoingia.

Glavu za mfuko, vidole vinne pamoja na gumba peke yake, zina joto kuliko za vidole vitano. Ubaya wake ni kwamba kufunga vifungio kunakuwa kazi. Ukizichagua, vaa glavu nyembamba ndani ili unapozivua usibaki mikono mitupu. Glavu za kufumwa za sufu au za pikipiki zitakuwa maji ndani ya nusu saa. Beba jozi ya akiba; kati ya vitu vyote vya akiba, hiki ndicho kitakachotumika.

Vipasha mikono ni pakiti ndogo zenye unga wa chuma unaopata joto ukikutana na hewa. Fungua dakika kumi na tano kabla, uweke upande wa nje wa kiganja juu ya glavu nyembamba, siyo kwenye ngozi moja kwa moja.

Magoti na makalio

Ukianguka mbele unatua kwa magoti, ukianguka nyuma unatua kwa kifandugu. Kinga za magoti nyembamba, kama za mpira wa wavu, hukaa vizuri chini ya suruali. Kaptura yenye sponji nene nyuma inaonekana kichekesho dukani. Siku ya pili, wakati wenzako wanakaa kwa upande mmoja wa kiti, haichekeshi.

Kichwa, nywele na hijabu

Vaa helmeti. Ikodi kama huna, na ndani yake utafute alama ya EN 1077 au ASTM F2040, ambayo inaonyesha ni ya theluji, kwani ya baiskeli au pikipiki si hiyo. Pima mzunguko wa kichwa kwa futi ya fundi cherehani, sentimita mbili juu ya nyusi. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, na ukitikisa kichwa bila kufunga mkanda isizunguke. Kofia nene ya sufu haivaliwi chini yake, maana inaiacha helmeti ikielea.

Nywele zipime mapema. Aliyesuka rasta nene au mwenye dredi apime mzunguko akiwa na mtindo atakaokwenda nao, kwa sababu namba inaweza kupanda kwa sentimita mbili au tatu. Fundo la nywele utosini halifanyi kazi: linainua helmeti na uzito wa kuanguka unatua mahali pamoja. Suka za mstari zinazolala kichwani ndizo bora. Nyingine zifunge chini, usawa wa shingo, uzitie ndani ya jaketi. Mwenye hijabu achague ile ya michezo, ya kitambaa chembamba kisicho cha pamba, isiyo na pini, na ncha zake ziingie ndani ya kola. Pini chini ya helmeti ni jeraha linalosubiri.

Skafu, ushungi mrefu, mikanda ya begi inayoning'inia: vyote hivi vinaweza kunaswa na kiti cha lifti wakati unashuka. Shingoni vaa bomba la kitambaa linalovutwa mpaka puani.

Macho na ngozi

Miwani ya theluji ina daraja la kioo. S1 hupitisha asilimia 43 hadi 80 ya mwanga, ni ya mawingu. S3 hupitisha asilimia 8 hadi 18, ni ya jua kali. Ukinunua moja tu, S2 ndiyo ya katikati. Mvaaji wa miwani ya macho aombe ile iliyokatwa nafasi pembeni kwa ajili ya mikono ya miwani. Miwani ikiingia ukungu, usiifute ndani kwa kidole wala tishu, utakwangua dawa yake. Ikung'ute, iache ikauke ndani ya jengo. Na usiipandishe juu ya paji la uso unapopumzika, mvuke wa kichwa ndio unaoanzisha ukungu.

Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayochoma, na mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Ngozi nyeusi inaungua pia. Inachelewa kuonekana, basi. Paka krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi usoni, masikioni na chini ya pua na kidevu, kwani jua linatoka chini pia, na urudie kila saa mbili. Midomo iwe na mafuta yake yenye kinga. Mafuta ya mgando ni mazuri kwa ngozi iliyokauka, ila usiyategemee kuzuia ngozi isigande kwa baridi. Pua au sikio likipoteza hisia, ingia ndani.

Kwenye dirisha la kukodi ubao

Wataanza na maswali, jibu ukiwa na uhakika: uzito wako wa kweli kwa kilo, urefu, namba ya buti, na mguu gani unatangulia. La mwisho lijaribu nyumbani: kimbia hatua tatu na soksi kwenye sakafu laini, uteleze. Mguu uliokaa mbele bila kufikiri ndio wa mbele.

Ubao wa kuanzia uwe laini, na ukiusimamisha ufike kati ya kidevu na pua. Uzito una maana kuliko urefu, kwa hiyo ukidanganya kilo unajidanganya mwenyewe. Mwenye buti ya 44 kwenda juu aombe ubao mpana. Buti ikizidi ukingo kwa zaidi ya sentimita mbili hivi, vidole vitakwangua theluji katikati ya kona na utaanguka bila kujua kwa nini. Vifungio viwe upana wa mabega, mguu wa mbele nyuzi 15 kuelekea mbele, wa nyuma nyuzi 6 hadi 9 kuelekea nyuma. Jifunge, usimame juu yake hapo hapo, na skrubu zote zikazwe mbele yako.

Begi na mifuko

Begi kubwa liache kabatini au garini. Mwilini beba kidogo: kitambulisho, kadi ya benki, tishu, kitambaa cha miwani, krimu, na simu kwenye mfuko wa ndani karibu na kifua, kwani betri hufa haraka kwenye baridi. Tiketi za kusomwa na geti ziweke mfuko wa kushoto, peke yake, mbali na simu. Bisibisi ya nyota namba 3, fupi, inafaa kuwepo kundini.

Chakula: chokoleti yenye karameli inakuwa jiwe. Karanga, tende, au chapati iliyoviringishwa mfukoni ndani hubaki chakula. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya kutunza joto ikae kabatini. Kabatini pia kuwe na fulana kavu, soksi, glavu za akiba na nguo zote za kubadili, pamoja na viatu vya kawaida.

Utaratibu wa asubuhi

Jaketi usilivae ndani ya gari lenye hita, utafika umelowa. Buti zisilale kwenye buti ya gari usiku. Plastiki inakuwa ngumu na hazitapata joto siku nzima. Nenda haja kabla ya kuvaa kinga na suruali. Anza na soksi, kisha tabaka la ndani, kinga, suruali, buti, na pindo la ndani la suruali livutwe juu ya buti. Jaketi, helmeti, miwani, na mwisho kabisa glavu, kinga za vifundo zikiwa tayari ndani.

Jioni toa bitana nene ya ndani ya buti, ile inayochomoka, uiache ikauke mahali pa hewa. Isiwekwe juu ya hita, gundi na sponji vinaharibika. Karatasi za magazeti zilizofinyangwa ndani, zikibadilishwa mara moja kabla ya kulala, hunyonya vya kutosha. Glavu zigeuzwe vidole juu.